Mjomba, Mbwa na Bilauri ya Maji

Nyumbani kwetu Nguvumali, mjini Tanga, mbwa haingii hata kwenye mazungumzo. Ukimtaja wakati wa kula, Mama anakutazama kana kwamba umetema sufuriani. Kwa hiyo mjue mapema: mimi na mjomba wangu tuliumwa na mbwa mmoja, asubuhi moja, hatukwenda hospitali, na wala haikuwa uzembe. Tulioshwa. Tulisuguliwa kama masufuria ya shughuli. Ndiyo maana kila mtu aliridhika.

Ilikuwa likizo, niko Maramba kwa Bibi, mama yake Mama. Mjomba ndiye kitinda mimba wa Bibi, na ndiye aliyekuwa analima shamba lake la mahindi, mihogo na michungwa. Jirani yao ni Msambaa, Mlutheri, mwimbaji wa besi kanisani, anafuga mbwa wa kufukuza nguruwe pori na ngedere. Mbwa hao walilinda mahindi ya Mjomba pia, na shukrani waliyopata ni maneno ya utani.

"Msambaa, hao wenzio wameshakula?"

"Wameshakula, Mdigo. Wamekubakizia fungu lako."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana kila siku. Mimi na Mjomba tulikuwa vibaya zaidi. Kwetu mpwa na mjomba hawadaiani adabu. Maneno ambayo ningemwambia baba yangu ningelala nje, Mjomba nilimwambia akiwa anakula, naye akaomba niongeze chumvi. Mimi ni mrefu kupita wavulana wote wa kidato cha tatu, basi aliniita mnara wa simu. "Hebu inama, mpwa wangu, mtandao unasumbua."

Asubuhi hiyo mbwa mdogo wa jirani aliingia uani kwetu anapepesuka, mate yanamchuruzika mpaka chini.

"Huyu katoka kilabuni," akasema Mjomba.

Nilicheka sana, kwa sababu kweli alitembea kama mlevi. Mjomba akamshika ukosi amrudishe kwao. Yule mbwa akageuza kichwa, akamng'ata pale kati ya kidole gumba na cha shahada, akang'ang'ania. Nikampiga teke amwachie mjomba wangu. Akamwachia, akanipitishia meno mguuni, juu kidogo ya kifundo, kisha akaondoka zake kuelekea kwenye migomba, pole pole, kama mtu aliyemaliza kazi.

Bibi alitoka jikoni na sauti yake yote. "Najisi! Msikanyage kizingiti changu!"

Akatusimamisha chini ya mchungwa, ndoo huku, kata huku. Mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, na Bibi hakupunguza hata tone. Mjomba alihesabu kwa sauti kama refa wa ngumi. Udongo Bibi aliuchimba chini ya mchungwa huo huo, akatupaka mpaka ndani ya vidonda, kisha akamimina maji. Akaosha kanga yangu, akaosha shati la Mjomba, akaosha kizingiti ambacho mbwa hakukigusa, halafu akaiosha ndoo yenyewe. Sabuni haikutajwa, maana hakuna aliyefikiria uchafu wa kutolewa kwa sabuni.

"Sasa mko twahara," akasema, akatupa mihogo. Tukala.

Vidonda vikapona. Likizo ikaisha. Nikarudi mjini na alama ndogo mguuni, nikawaambia wenzangu nimeng'atwa na chui.

Muhula huo mwalimu wa baiolojia akafundisha virusi. Alichora ubaoni duara lenye miiba, akasema kitu hiki si kiumbe kamili. Nje ya seli hakili, hakipumui, hakizai, ni kama punje ya vumbi. Lakini ile miiba imekaa kama funguo, na kwenye ukuta wa seli kuna vitasa. Mwiba ukishika kitasa chake, seli yenyewe inafungua, inadhani imeletewa kitu chake. Kikishaingia kinavua koti, kinatoa maagizo yake, na seli inaacha shughuli zake inaanza kukipikia nakala, moja, mia, maelfu, mpaka inakufa au inapasuka, na nakala zinakwenda kubisha hodi kwa jirani.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo ni kama shemeji wa kutoka shamba? Anakuja bila begi, bila sufuria, baada ya muda nyumba nzima inampikia yeye na wenzake?"

Darasa likaanguka. Nikatolewa nje kupiga magoti kwenye kokoto. Nilipiga magoti kwa raha zangu, nikiwasikia bado wanacheka. Sikujua kwamba huenda shemeji mwenyewe nilikuwa nimempigisha magoti pamoja nami, yuko mguuni.

Haukupita muda Mjomba akashuka Nguvumali na mfuko wa machungwa. Alisema mkono unamtambaa sisimizi ndani kwa ndani, pale pale kilipopona kidonda. Halali, hatulii, ukifunga mlango kwa nguvu anaruka. Mama akamwashia feni apoe, Mjomba akajikunja ukutani akishika koo.

"Mjomba, unaogopa feni? Tukuletee kipepeo kwanza uzoee?"

Alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Zima, mpwa wangu. Zima kwanza, utanitukana baadaye."

Chai aliitazama tu. Juisi ya ukwaju, ambayo kwa kawaida huigombania na watoto, akaisukuma kwa kidole. Alasiri Mama akamwita ustadhi wa mtaani, mtu mpole, ndiye aliyenifundisha mimi alifu na be. Ustadhi akamsomea, kisha akaandika kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi, maji yale akayatia kwenye bilauri.

Mjomba aliyataka. Hilo nitalisema mpaka nife. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, akanyoosha mkono mwenyewe, akasema bismillahi. Bilauri ilipokaribia uso, koo lilimruka kama kitu hai kimenaswa ndani, kichwa kikaenda nyuma, mkono ukatupa, bilauri ikapasukia ukutani. Zafarani ikachora ukuta.

"Mnaona?" akasema Ustadhi kwa upole. "Si yeye. Aliye ndani yake ndiye anayelikataa neno."

Mama akaanza kulia. Jini! Likawa limeshapatikana na sababu imeshapatikana: shamba lile la Maramba lina mto, na mtoni kuna wenyewe. Kila kitu kilikubaliana. Mtu wa watu, mswalihina, anayakimbia maji ya Qur'ani. Ni nini kingine?

Mimi mdomo wangu haujui kukaa. "Ustadhi, na juisi ya ukwaju? Maana asubuhi kaikataa vile vile. Nayo ina aya?"

Mama akanifinya paja mpaka nikaona nyota. Lakini Ustadhi hakukasirika. Alimtazama Mjomba, akamwambia Mama amimine juisi. Mama akaanza kumimina kule kwenye kona, mbali. Kwa ule mlio tu wa kumimina, koo la Mjomba likaruka tena.

Ustadhi akafunika kidau chake cha zafarani. "Hili si langu," akasema. "Mpelekeni hospitali. Sasa hivi, msingoje magharibi."

Hospitali tulipokelewa na daktari wa kike, kijana, macho yamechoka. Akamletea Mjomba kikombe cha maji, akaona alichotaka kuona, akakiondoa haraka. Akamgeukia Mama.

"Alishaumwa na mbwa?"

Mama akajivuta kanga kama mtu aliyetukanwa. "Daktari, sisi ni Waislamu. Mbwa tutamtoa wapi?"

Mjomba akainua mkono wake wa kulia, akaonyesha kovu. "Maramba," akasema. Pumzi ikamkata, akaivuta tena. "Na huyu mnara naye. Mguuni."

Wote wakanigeukia. Nimezoea kutazamwa, ndiyo kazi yangu, lakini sikuwahi kutazamwa vile. Daktari aliweka kalamu chini taratibu, akapiga goti mbele yangu, akanishika mguu kana kwamba ameshika yai.

Alitutoa nje kwenye korido, akatueleza bila kuzunguka. Ni kichaa cha mbwa. Kirusi kinaingia na mate kupitia jeraha, kinajificha kwenye nyama, kisha kinapata kitasa chake kwenye ncha ya mshipa wa fahamu. Kikiingia humo kinapanda ndani kwa ndani kuelekea kichwani, kimya, huku kidonda kimepona na mtu anacheka. Kikifika ubongoni kinazaliana, halafu kinashuka kwenye tezi za mate. Koo linafungwa ili mate yasimezwe, yabaki mdomoni tayari kwa safari nyingine.

Kumbe hata kuyakataa maji kulikuwa mpango wake. Yule shemeji alikuwa ameshafunga mpaka mlango wa jikoni.

"Mpe dawa basi," nikasema. "Ya kuua virusi. Si zipo?"

"Zipo za virusi vingine. Wengine tunawazuia mlangoni ufunguo usishike. Wengine tunawavuruga wakati wanajinakili, ndiyo maana mtu wa virusi vya UKIMWI akimeza dawa zake anazeeka na wajukuu. Lakini kutengeneza dawa ya kirusi ni kazi ngumu, kwa sababu kinapikia kwenye sufuria zetu. Ukivunja ovyo, unavunja za mwenye nyumba. Na hiki kinapita ndani ya mishipa ya fahamu, ambako dawa hazifiki vizuri. Wamejaribu nyingi. Kikishaonyesha dalili, hatuna."

"Hamna bado, au hamna kabisa?"

Alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri. "Bado. Watu wanatafuta. Lakini mjomba wako hana muda wa kuwasubiri." Akamgeukia Mama. "Wewe sasa kimbia na huyu. Yeye hana dalili. Chanjo haimuui kirusi, ila inaufundisha mwili sura yake, umkamate kabla hajafika juu. Imechelewa, lakini haijapita. Mjomba aliumwa mkononi, ndani sana, njia fupi. Huyu kakwaruzwa kifundoni, na ni mrefu."

Miaka yote nimechekwa kwa urefu. Pale kwenye korido nilitamani ningekuwa mrefu kama mnazi.

Chanjo pale ilikuwa imekwisha, wanaisubiri. Tukaanza kuzunguka maduka ya dawa ya mjini, Mama mbele, kanga inamvuka mabegani haokoti. La kwanza hawana. La pili wanafikiri itakuja wiki ijayo. La tatu kijana akauliza bila kuinua macho kwenye simu yake, "Mnataka ya mbwa mwenyewe au ya mtu?"

"Ya mwanangu!" Mama akapiga kelele, mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakasimama.

Siku nyingine ningelicheka jibu hilo mwezi mzima. Nilishika mguu wangu tu. Nilikuwa nausikiliza. Ukiwasha kidogo, moyo unasimama. Usipowasha, najiuliza mbona kimya.

Daktari ndiye aliyetuokoa, alikuwa anapiga simu muda wote. Kwenye kituo kimoja Pangani kuna vichupa kwenye friji. Bodaboda wa kona yetu akatupakia mshikaki, mimi katikati, Mama nyuma ananikumbatia kiuno kwa nguvu ya kuumiza. Njia nzima, minazi na mkonge vinapita, niliukunja ule mguu juu ya mwenzake, kana kwamba nikiukunja vizuri njia itazibika.

"Shikamoo," nikamwambia nesi, mama mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu?" Akafungua friji. "Kichupa kikifunguliwa hakilali, kinatosha watu kadhaa, kikibaki namwaga. Kwa kawaida walioumwa wanangojana." Akamtazama Mama, miguu yake ina vumbi mpaka magotini, kiatu kimoja kimekatika. "Leo hakuna kungojana."

Nilitegemea sindano ya tumboni, ndefu kama ya ng'ombe, ndivyo tunavyotishana shuleni. Zilikuwa ndogo tu, mikononi, kama kudonolewa na kuku. Nikauliza, "Ndiyo hiyo tu?" Nesi akasema zipo nyingine za kufuata, nisikose hata moja. Kuna na kinga iliyokwisha tengenezwa, ya kuchomwa pale pale kwenye jeraha, hiyo kituoni kwake haijawahi kufika. Alilisema hilo la mwisho akiwa ametugeuzia mgongo, anapanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Tuliporudi Tanga, Bibi alikuwa ameshafika hospitali. Mjomba walimchoma dawa za kumtuliza, walimweka chumba peke yake, pazia limefungwa, hakuna feni, hakuna bomba. Kati ya mshtuko na mshtuko akili yake ilikuwa timamu kabisa, na hilo ndilo sitalisamehe. Alijua kila kitu.

"Mama, nataka kuswali," akamwambia Bibi. "Udhu siuwezi."

"Kuna udongo, baba," akasema Bibi. Ukikosa maji, au maji yakikudhuru, dini imekuruhusu tayamamu. Nikatumwa mimi. Nilichimba kwenye uzio wa hospitali palipo safi, nikajaza kifuniko cha kopo, nikamletea.

Mjomba akachungulia. "Mpwa wangu, udongo huu una kizibo cha soda."

"Ndiyo udongo wa mjini, Mjomba. Huku hata vumbi limesoma."

Akacheka. Cheko likafika kooni, likageuka, likamkunja mpaka kitanda kikalia. Bibi akamshika kichwa. Nilibana mgongo mlangoni, nimejiziba mdomo kwa mikono miwili. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa, nacho kilikuwa kinamnyonga.

Alipotulia akapiga viganja kwenye udongo, akajifuta uso, akajifuta mikono. Aliswali kwa macho. Kisha akaniita.

"Umechomwa?"

"Nimechomwa."

"Maji unakunywa?"

"Nakunywa."

"Kanywe sasa hivi. Hapo nje ya mlango." Akajigeuza ukutani, akaziba masikio kwa mikono ile yenye vumbi, asione, asisikie. "Ukimaliza njoo unishike mguu. Nitajua."

Nikatoka. Mama akanipa chupa. Nilikunywa yote, nikihisi kila funda linavyoshuka, kisha nikaingia nikamshika mguu. Alikuwa bado ametazama ukuta.

"Nimemaliza, Mjomba."

"Alhamdulillahi," akasema ukutani. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Alifariki alfajiri.

Tulimzika Maramba. Yule jirani Msambaa alikuja kama mtani anavyokuja, akasimama mbele ya wafiwa, akasema kwa sauti yake ya besi, "Mdigo huyu ni mwizi. Ameondoka kabla sijamrudishia tusi lake la mwisho." Watu wakaanza kucheka, naye akafungua mdomo aendelee, akakaa chini kwenye udongo na suti yake ya kanisani. Yule mbwa mdogo alimwokota amekufa migombani, alituambia baadaye, akamfukia bila kushtuka, maana watoto wa mbwa hufa kila siku. Sasa watoto wa jirani huyo nao wanachomwa sindano, na mbwa wazima wamechanjwa.

Bibi alikaa mkekani akirudia jambo moja. "Niliwaosha mwenyewe. Kwa mikono hii niliwaosha." Mama alimwambia alivyosema daktari: kuosha kulisaidia, huenda ndiko kulikompa muda huyu mtoto, ila ilikuwa nusu ya kazi, ilitakiwa sabuni na kisha kituo cha afya siku ile ile. Bibi aliishika ile nusu kwa mikono miwili. Lakini nusu hiyo ilikuwa yangu mimi. Ya mwanawe haikuwepo.

Wakati wa kula pale msibani nilijimiminia maji. Koo likakataa.

Sindano zangu zilikuwa bado hazijaisha. Nilisimama na kikombe, watu wanapita na sahani za wali, na mimi sijui ni kilio kimekaba au ni yule shemeji ameshafika. Nikajaribu tena, koo likafunga tena. Sikumwita mtu. Nilikwenda nyuma ya nyumba, chini ya ule mchungwa, nikageukia shina kama Mjomba alivyogeukia ukuta, nikafumba macho, nikajilazimisha. Maji yalitoka puani kwanza. Kisha funda moja likashuka. Nililia kwa sauti, nikanywa mengine, nikalia, nikanywa, mpaka kikombe kikawa kitupu na kanga imelowa.

Sasa nimemaliza sindano zote. Daktari anasema nilale usingizi. Nikamuuliza kama ana hakika, akasema chanjo hii ikikamilika huwa inashinda, na akagonga meza kidogo kwa kidole, sijui kwa nini. Kule darasani nimerudi kwenye kiti changu, bado natolewa nje. Mwalimu wa baiolojia aliponipa pole aliniambia nikitaka kuwachekesha watu maishani nikatafute dawa ya kile kirusi, hilo ndilo litakuwa cheko la haja.

Mbu akiniuma mguuni naukamata kwa mikono miwili, nangoja kama unawasha tu au unatambaa.

Na kila asubuhi, kabla sijatoka kwenda shule, kuna bilauri ya maji pembeni ya begi langu. Mama hasemi kitu. Anajifanya anatafuta ufunguo kabatini, kabati ambalo halina ufunguo. Juzi nilimwambia, "Mama, leo sina kiu," nikitaka kumtania. Mlango wa kabati ulimponyoka, akanigeukia.

Nikaichukua haraka. Nikanywa yote, taratibu, aone koo linavyopanda na kushuka, nikaigeuza chini juu.

"Nimemaliza, Mama."